Jina kwenye stika na fundi aliyeshika moto: maswali ya fremu za lagi

Maswali ya fremu za chuma za baiskeli yamejaa, leo nachukua haya. Kwa aliyeingia sasa hivi, lagi ni zile soketi za chuma kwenye kona za fremu, paipu zinaingia ndani yake halafu zinaunganishwa kwa brasi au madini ya fedha yaliyoyeyushwa.

Hizi kampuni ndogo za fremu za lagi zinajenga zenyewe?

Mara nyingi hapana, na hapa ndo watu wengi wanachanganyikiwa. Chukua Rivendell, kampuni ya baiskeli ya Walnut Creek, California, aliyeianzisha 1994 ni Grant Petersen baada ya ofisi ya baiskeli za Bridgestone ya Marekani aliyokuwa anafanya kazi kufungwa. Yeye ndo anaamua kila kitu, urefu wa paipu, pembe, nafasi ya tairi, hadi umbo la lagi zenyewe, ila moto anashika mtu mwingine. Modeli yao ya Atlantis ilianza kujengwa na Toyo wa Osaka, Japani, ikaja kuhamia Waterford kule Wisconsin, baadaye ikaenda Taiwan. Jina lile lile, mikono mitatu tofauti. Na ukitaka fremu ya oda maalum ya vipimo vyako, kuna fundi mmoja mmoja kama Mark Nobilette wa Colorado aliyewajengea.

Kwa nini wasijenge wenyewe? Meza za kushikia fremu ni ghali, na fundi wa moto lazima apate kazi kila siku, sio mwezi huu ana kazi mwezi ujao amekaa. Mtu anayeuza fremu chache hawezi kumlipa huyo fundi mwaka mzima, lakini karakana inayopokea oda za chapa kadhaa inaweza.

Hao Waterford ni akina nani?

Hapa naandika kwa uchungu kidogo. Mwaka 1993 Richard Schwinn, wa ukoo ule ule wa baiskeli za Schwinn, na mwenzake Marc Muller walichukua karakana iliyokuwa inajenga Paramount, baiskeli za hali ya juu za Schwinn. Wakajenga fremu za jina lao na za chapa za watu wengine, miaka 30 hivi, wakafunga 2023. Karakana ya namna ile ikifungwa sio mashine tu zinazouzwa, yale macho ya fundi anayejua kwa rangi ya chuma kwamba sasa brasi itakimbia, hayo huwezi kuyapiga mnada.

Ikiandikwa Taiwan si ni ya bei rahisi tu?

Hapana jamani. Maxway wa Taiwan wanajengea chapa nyingi zinazoheshimika na kazi yao ni safi. Usiulize nchi, uliza karakana gani, na muuzaji mkweli atakutajia.

Lagi zenyewe nani anachora?

Wengine wanachora wenye chapa, wengine mafundi. Richard Sachs wa Marekani anajenga fremu kwa mikono yake na amechora lagi ambazo mafundi wengine wananunua. Nzuri zinatengenezwa hivi: kielelezo cha nta, kinafunikwa udongo maalum, nta inayeyushwa inatoka, chuma kinamiminwa mle. Zinatoka na vipimo sahihi kuliko zile za bati la kukandamizwa ambazo fundi anakaa na tupa siku nzima. Ugumu wake ni kwamba lagi ina pembe yake tayari, kwa hiyo mchoraji wa fremu hawezi kupindisha anavyotaka, lazima michoro iongee na lagi.

Phoenix yangu ya zamani paipu imepasuka karibu na kona, naweza kubadilisha paipu moja?

Angalia kona kwanza, Phoenix nyingi za zamani ni za lagi, na uzuri wake ndo huo, inawezekana. Tafuta fundi wa gesi, apashe lagi taratibu mpaka brasi iyeyuke, kwenye nyuzi 900 hivi, paipu ichomolewe, asafishe ndani mpaka chuma king'ae kisha aingize paipu ya unene ule ule. Brasi inavutwa yenyewe kwenye upenyo mwembamba, ikitokea upande wa pili ujue imejaa. Usikubali akupigie welding ya umeme juu ya lagi, maana ikishapigwa hiyo paipu haichomoki tena mpaka ukate.