Mkopo wa nyumba, masika, na dawati lililohamia ng'ambo

Kama unalipa mkopo wa nyumba na mshahara wako unatoka hotelini, upangie masika mapema. Sisi wa Paje na Nungwi, huku Zanzibar, tunajua: Aprili na Mei wageni hupungua, hoteli nyingine hufunga kabisa, na wafanyakazi tunapewa likizo isiyo na mshahara. Makato ya benki hayana likizo.

Zamani nikiingia tawini namwona bwana wa mikopo, namwambia, "Kaka, miezi hii miwili nipunguzie, Juni tutasawazisha." Mama yake analima mwani Jambiani, masika anayajua. Anaandika, anagonga muhuri, yamekwisha. Kisha benki ikafunga kitengo chao cha mikopo, kazi ikapelekwa Nairobi. Vijana wale wakakosa ajira (mmoja nakutana naye Darajani, anauza kava za simu), na sisi tukaanza kupigiwa na namba za +254. Mpigaji ni mpole, simlaumu. Ila kwenye kompyuta yake hakuna masika. "Utalipa lini, shilingi ngapi?" Ukitaja kiasi, imeshaandikwa ahadi.

Basi usitaje usichokuwa nacho. Mwambie utajibu kwa maandishi, mwombe namba ya kumbukumbu. Akiuliza PIN, kata simu. Hakuna anayedaiwa kwa PIN.

Kazi yenyewe ifanye Februari, wakati bado hujachelewesha rejesho lolote. Peleka tawini barua ya kuomba kupangiwa upya marejesho, nakala mbili. Moja waache nayo, nyingine igongwe muhuri na tarehe. Bibie wa kaunta atakwambia mambo hayo siku hizi ni huko huko Nairobi. Mjibu kwa adabu, "Sawa dada, we nipokelee tu." Ambatisha barua ya mwajiri inayotaja miezi ya kufunga hoteli, mimi hiyo ilinifaa kuliko maneno yangu yote.

Ukimudu, omba miezi hiyo ulipe riba peke yake. Ukisogezewa mbele malipo yote, riba huendelea kuhesabiwa, kwa hiyo usisaini kabla hujaonyeshwa jedwali jipya la marejesho. Kunyamaza ndiko kubaya zaidi: mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa huingia kwenye mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa ipasavyo, na taarifa hizo benki nyingine huziona.

Benki yako ikikaa kimya, nenda dawati la malalamiko la Benki Kuu, ambayo ina tawi hapa Unguja. Wataanza kukuuliza kama ulishalalamika kwenye benki yako. Hapo ndipo unapotoa ile nakala yenye muhuri.