TV ya baba imebaki sauti bila picha: tuitengeneze au tununue mpya?

Swali: Shikamoo fundi. Baba yangu anaishi Morogoro, ana TV bapa ya inchi 32 aliyoinunua mwaka 2014. Tangu mwezi uliopita ukiiwasha picha inatokea kwa sekunde moja au mbili, kisha kioo kinakuwa cheusi, lakini sauti inaendelea kama kawaida. Hata kabla ya hapo picha ilikuwa na ukungu, mpira ukichezwa alikuwa hawezi kusoma matokeo pale juu. Anatumia king'amuzi, na vitu vyake ni taarifa ya habari, mpira na Bunge. Kaka yangu anasema tuchange tumnunulie ya inchi 55, 4K, yenye intaneti. Baba mwenyewe anasema TV yake ni nzima, inahitaji fundi tu. Nani yuko sahihi? Kiti chake kiko kama mita tatu kutoka kwenye TV, na wajukuu wakija likizo hukaa mkekani. *Msomaji, Dar es Salaam*

Jibu: Marahaba mwanangu. Kuhusu ugonjwa wa TV, naamini baba yako yuko sahihi. Kuhusu macho yake, kaka yako ana hoja. Ila hayo ni mambo mawili, na mkiyachanganya mtatoa pesa ya TV nzima kutibu tatizo ambalo pengine linataka waya tu.

Tuanze na kioo kuwa cheusi. Kioo cha TV kama hiyo hakitoi mwanga chenyewe. Ni kama pazia lenye nukta zaidi ya milioni moja zinazofunguka na kujifunga, na mwanga unatoka nyuma yake, kwenye taa ndogondogo za LED zilizopangwa juu ya vipande virefu vyembamba ambavyo sisi mafundi tunaviita stripu. TV ya inchi 32 huwa na stripu mbili au tatu. Taa zake zimeunganishwa kwa kufuatana, umeme unapita hii ndipo ufike ile. Moja ikikata, msururu wake wote unazima, na saketi inayozilisha ikiona mkondo hauendi sawa inajifunga ili isiungue. Ndiyo maana picha inachungulia sekunde mbili na kupotea, huku sauti ikibaki. Picha yenyewe ipo palepale, ila iko gizani.

Hilo mnaweza kulithibitisha bila kufungua skrubu hata moja. Usiku, zimeni taa za sebuleni, washeni TV, na picha ikishapotea mtu asogeze tochi ya simu karibu kabisa na kioo, aimulike kwa mshazari. Akiona watu wanatembea kwa mbali, kama walio chini ya maji machafu, basi kioo ni kizima, na ubao mkuu, ule wa saketi unaotengeneza picha, ni mzima. Kilichokufa ni taa, au ile saketi ya kuzilisha. Kazi hiyo fundi mzoefu anaimaliza kwa siku moja akiwa na vipuri. Asipoona chochote, ugonjwa ni mwingine, na nitaufikia.

Msimwache baba afungue mwenyewe. Umeme wetu wa volti 230 ukishageuzwa ndani ya TV unafika volti zaidi ya 300, na kuna kapasita kubwa inayoweza kuushikilia hata baada ya plagi kuchomolewa.

Kwa fundi, kuna maneno matatu ya kukubaliana naye kabla hajaigusa. La kwanza: abadilishe stripu zote, asichomeke taa moja iliyokufa. Nilipokuwa kijana kazini nilikubali kubadilisha taa moja moja kwa sababu mteja alitaka bei ndogo. TV zile zilirudi baada ya wiki chache, taa ya jirani ikiwa imekufa. Taa hizo zilizaliwa siku moja na zimeungua joto moja kwa miaka ile ile, hivyo moja ikianguka zilizobaki ziko njiani. Mteja yule alilipa mara mbili, na mimi nilipaswa kumwambia mapema.

La pili: stripu mpya ziendane na za zamani, kwa idadi ya taa na kwa volti. Zipo taa za volti 3 na za volti 6, na kwa macho zinafanana. Fundi anayepima kwa mita kabla ya kuagiza ndiye wa kumpa kazi. Tena kila taa ina kifuniko kidogo cha plastiki, mfano wa tone la maji, kinachotawanya mwanga. Kisipogandishwa vizuri kinadondoka, na wiki mbili baadaye baba ataona doa jeupe la duara katikati ya uso wa msoma habari.

La tatu: kuzifikia taa lazima kioo kinyanyuliwe. Ni bamba la glasi, jembamba na pana, na ubavuni mwake imening'inia mikanda laini inayobeba mawasiliano. Mkanda mmoja ukichanika unapata mstari wa kudumu kutoka juu hadi chini. Ulizeni mapema: kioo kikivunjika mikononi mwake, itakuwaje? Fundi mwenye meza pana safi na msaidizi wa kushika upande wa pili hatakasirika kuulizwa.

Kuhusu gharama, kanuni yangu ya kazini ni hii: vipuri na ufundi vikizidi theluthi ya bei ya TV mpya ya ukubwa ule ule, namshauri mteja aache. Kwa taa za inchi 32 mara nyingi hamtafika huko. Stripu za ukubwa huo zimejaa Kariakoo kwa sababu TV hizo ziko kila mtaa.

Sasa ule ukungu, ambao kwangu ndio kiini cha barua yako. Nenda nyuma ya TV uangalie waya unaotoka kwenye king'amuzi. Nina wasiwasi utakuta ule wa vichwa vitatu: njano, nyeupe na nyekundu. Picha yote inapita kwenye kichwa kimoja, ule wa njano, rangi na mwanga vikiwa vimechanganywa pamoja kisha TV inajaribu kuvitenganisha. Hapo ndipo kingo za herufi zinapovuja na matokeo ya mpira kugeuka ukungu. Waya huo hauwezi kubeba picha ya HD, ile yenye nukta nyingi zaidi, hata kama king'amuzi kinaitoa. Nimeingia nyumba nyingi zenye TV ya HD, king'amuzi cha HD, malipo ya kila mwezi yanalipwa, na kati yao umelazwa waya wa njano uliotoka kwenye TV ya kichogo ya zamani. Familia imeangalia hivyo miaka mitano.

Chomekeni waya wa HDMI, ule wa kichwa kimoja bapa unaobeba picha ya HD na sauti pamoja, kati ya TV na king'amuzi. TV ya mwaka 2014 inayo tundu lake, pengine mawili. Kisha ingieni kwenye mipangilio ya king'amuzi, sehemu ya picha, mchague 720p au 1080i. Kama king'amuzi ni cha zamani kisicho na tundu la HDMI, badilisheni king'amuzi kabla ya TV.

Nasisitiza hili kwa sababu ndilo linaloamua juu ya ile inchi 55 ya 4K. Kioo cha 4K kina nukta 3840 kwa 2160, karibu milioni 8.3. Chaneli ya kawaida isiyo ya HD inakuja na 720 kwa 576, yaani chini kidogo ya laki nne na elfu kumi na tano. Gawanya: kwa kila nukta moja iliyotumwa, TV inatakiwa kujaza 20. Zile 19 inazikisia. Kwa kioo kikubwa makisio hayo unayaona, nyuso zinakuwa kama za nta na nyasi za uwanja zinageuka zulia la kijani. Kwa inchi 32 ya HD ya kawaida, nukta moja inajaza mbili na nusu tu. Ndiyo sababu kuna watu wananunua TV kubwa, wanafika nyumbani na kuhisi wameuziwa mbovu. TV ni nzima. Kinachoingia ndani yake ndicho kile kile cha zamani.

Kwa mita tatu inchi 55 si kubwa kupita kiasi kwa kipimo cha macho, hilo nimpe kaka yako haki yake. Na mzee asiyeona matokeo hata baada ya waya kubadilishwa ana haki ya herufi kubwa zaidi. Lakini nguvu hiyo inatoka kwenye ukubwa wa kioo, haitoki kwenye neno 4K. Kwa inchi 43, ukikaa mbali zaidi ya mita moja na robo tatu, jicho lenye afya haliwezi tena kutenganisha nukta za Full HD, yaani kioo cha nukta 1920 kwa 1080. Akiwa mita tatu, baba hataona tofauti kati ya Full HD na 4K, ila ataona herufi zilizokua kwa theluthi moja kutoka za inchi 32. Wajukuu mkekani ndio watakuwa karibu, na wao kwenye 55 watakuwa wanageuza shingo.

Intaneti nayo ina hesabu yake. Netflix wenyewe wanaeleza kuwa picha ya HD hula hadi GB 3 kwa saa, na ya 4K hadi GB 7. Filamu ya saa mbili kwa 4K ni GB 14 za bando. Pia ule uerevu wa TV unazeeka kabla ya kioo: Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za Samsung za miaka ya 2010 na 2011, wakati vioo vyake bado vilikuwa vinang'aa. Wajukuu wakitaka katuni za mtandaoni, mnunulie baba kile kijiti cha intaneti cha kuchomeka kwenye tundu la HDMI. Kikizeeka unabadilisha kijiti, TV inabaki.

Umeme pia usisahaulike. TV ya wati 50 ikiwaka saa sita kwa siku inakula uniti 9 kwa mwezi, ya wati 120 inakula karibu 22. Kama baba yuko kwenye kundi la wateja wadogo wa uniti 75 kwa mwezi, nyongeza hiyo inaweza kumsukuma kuvuka, na uniti za juu ya pale bei yake si ile aliyoizoea. Wati zimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa TV, isomeni dukani.

Nitasema nunueni mpya katika hali hizi: tochi haikuonyesha picha na fundi amepima akakuta ubao mkuu umekufa, kioo kina ufa, au mistari ya kusimama isiyoondoka, maana kioo peke yake bei yake inakaribia ya TV nzima, au taa zimebadilishwa, HDMI imewekwa, na mzee bado hasomi matokeo. Hapo chukueni inchi 43, na msilipe zaidi kwa ajili ya 4K. Nendeni dukani na king'amuzi chenu kama duka lina mahali pa kukiunganisha, mwombe kuona chaneli ya kawaida badala ya ile video ya maua na vipepeo iliyotengenezwa kupendezesha kioo. Kisha simameni pembeni kabisa, mahali watakapokaa watoto. Rangi zikififia sana kwa pembeni, tafuteni nyingine.

Iwe ya zamani au mpya, ingieni kwenye mipangilio mshushe mwanga wa taa za nyuma hadi karibu nusu, maana TV nyingi hutoka kiwandani zimewekwa juu sana, na huenda hilo ndilo lililoua taa za baba. Muwekeeni na kifaa cha kulinda TV dhidi ya umeme unaopanda na kushuka.

Mpigie leo jioni, kabla taarifa ya habari ya saa mbili haijaanza, azime taa na amuite mtu wa kumshikia tochi. Na umwombe akuambie rangi za ule waya.