CV yangu niliianza na stoo, si na miaka

Kwa miaka sita nilishika stoo ya duka la vifaa vya ujenzi la mjomba, Kariakoo. Sikuwa na mkataba wala hati ya mshahara. Kisha mama akaugua, nikaenda Morogoro kumuuguza miaka miwili. Niliporudi Dar kutafuta kazi, CV niliipanga kwa tarehe, na kitu cha kwanza alichokutana nacho mwajiri kilikuwa ile miaka miwili mitupu. Nilituma nyingi. Simu haikuita.

Ndipo nikaipindua: ujuzi juu, kazi chini. Hapa wengi huteleza, maana huandika "mchapakazi, mwaminifu, naweza kufanya kazi na watu wote". Hayo kila mtu anaandika. Mimi chini ya "Utunzaji wa stoo" niliandika kwamba nilipokea na kutoa saruji, nondo na mabati, nikajaza daftari la mali kila siku, na kila Jumamosi jioni nikahesabu mzigo na kuulinganisha na daftari. Ujuzi ambao huwezi kusema uliutumia wapi, ufute.

Miaka usiifiche, tafadhali. Chini ya ujuzi weka orodha fupi ya kazi na tarehe zake, hata kama ulikuwa kwa mjomba. Mwajiri asipoona tarehe huanza kuhisi vibaya. Ile miwili niliipa mstari mmoja: "2021–2023: nilimuuguza mzazi." Sikuona haya, nawe usione.

Kama umepanda ngazi kwenye kazi ileile, baki na tarehe. Kazi za serikali nazo unaombea kwenye tovuti ya Ajira Portal, unajaza taarifa kwenye mfumo na kuambatisha vyeti, kwa hiyo mpangilio wa CV hautakubeba. Fundi uliyejifunzia mtaani, ulizia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi: wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa namna hiyo. Ukikipata cheti, kiandike juu kabisa.

Kwenye usaili hawakugusa ile miaka miwili. Mama mmoja aliweka kidole kwenye mstari wa Jumamosi, akauliza, "Ukikuta mifuko kumi ya saruji haipo, unaanzia wapi?" Nikamjibu, "Naanzia kwenye karatasi za mzigo wa mwisho kuingia. Mara nyingi upungufu unakuja na lori." Akavuta kiti karibu, tukaongea habari za stoo karibu nusu saa.