Parachuti kuganda na lasitiki kukatika: yaliyonikuta na nilivyorekebisha

Ndugu, pole kwa roketi ya kijana. Umesema mara mbili imeshuka parachuti likiwa limejikunja kama soseji, na mara ya tatu likafunguka lakini lasitiki inayounganisha mwili na pua na parachuti ikakatika, mwili ukajipiga chini peke yake. Yote mawili yamenikuta, na yana sababu tofauti.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Colorado, na binti yangu tumerusha roketi za karatasi misimu minne sasa. Asubuhi moja ya baridi tulifika uwanjani na roketi tuliyoikunja usiku uliotangulia. Ikapanda vizuri, baruti ya kutoa parachuti ikalia pu!, pua ikachomoka, parachuti likatoka na halikufunguka. Nilipoliokota lilikuwa bado na mikunjo yote, kavu na gumu kama karatasi ya sambusa iliyokaa nje. Plastiki nyembamba ikikaa imekunjwa kwenye baridi hushika umbo lile. Tangu siku hiyo parachuti linasafiri likiwa wazi, na tunalikunja dakika tano kabla ya kurusha. Binti hulipaka poda ya mtoto pande zote, analikung'uta, analikunja kwa ulegevu, nyuzi anazizungusha mara moja au mbili tu. Ukizizungusha mara nyingi unalifunga mwenyewe. Likifunguka juu utaona kiwingu cheupe cha poda, nacho kinakuonyesha pa kutazama.

Kipimo changu: parachuti liingie kwenye bomba kwa kusukumwa na kidole kimoja. Likihitaji nguvu, toa, kunja upya.

Kagua pia kama limeyeyuka. Kukiwa na vitobo vyenye kingo ngumu, au mikunjo imegandana, ni moto wa baruti umepita. Weka karatasi maalumu zisizoshika moto kati ya injini na parachuti, uzifinyange kwa ulegevu zijaze bomba kwa kina cha mara mbili ya upana wake. Karatasi ya chooni usiweke kabisa, inashuka inawaka na kuchoma nyasi.

Sasa lasitiki. Ile inayokuja na roketi mara nyingi ni fupi mno. Yangu sasa ni mara tatu ya urefu wa mwili wa roketi, na upande wa injini nimeanza na uzi wa kevla, maana hauungui upesi kama mpira. Kati ya lasitiki na parachuti nimefunga kile kipete kinachozunguka ambacho wavuvi hufunga kwenye mshipi, nyuzi zisisokotane.

Lakini kabla ya kulaumu lasitiki, angalia namba ya injini. Kwenye C6-5, C ni daraja la nguvu ya jumla, 6 ni msukumo wa wastani kwa nyutoni, na 5 ni sekunde za kusubiri tangu msukumo uishe hadi baruti itoe parachuti. Roketi nzito ukiipa kusubiri kurefu, parachuti linatoka wakati imeshageuza pua na inashuka kwa kasi. Hapo mshtuko unakata lasitiki, au uzi unapasua bomba kwa urefu kama zipu. Ya kwako ni nzito kwa maelezo yako, jaribu C6-3.

Ukubwa wa parachuti usiuongeze ovyo. Roketi ya gramu 100 yenye parachuti la sentimita 40 hushuka takriban mita 4.1 kwa sekunde usawa wa bahari. Huku kwetu, mita 1,600 juu, hewa ni nyepesi na inakuwa kama 4.5, wa Nairobi wahesabu hivyo hivyo. Kwa kasi hiyo, kutoka mita 200 inakaa hewani sekunde 44, na upepo wa mita 5 kwa sekunde utaipeleka mita 220 mbali. Upepo ukiwepo mimi hukata tundu katikati ya parachuti, au nafunga utepe badala yake kwa roketi nyepesi. NAR, chama cha warusha roketi ndogo Marekani, kinakataza kurusha upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa. Mimi nafunga virago mapema zaidi ya hapo. Na ikinasa kwenye nyaya za umeme, iacheni huko huko, kijana asiifuate.

Nitumie uzito wa roketi ikiwa na injini ndani na kipenyo cha parachuti, nikupigie hesabu.