Jibu: Kwa nini ikoni za Bizanti zina nyuso nyeusi?

Mkuu, umeuliza kama wachoraji wa Konstantinopoli, mji mkuu wa Bizanti (dola ya Roma ya Mashariki), walikusudia nyuso za ikoni, yaani picha takatifu za Kikristo, ziwe nyeusi hivyo. Kwa sehemu kubwa, hapana. Ngozi walianza kuipaka kijani cha kahawia, kisha wakaongeza mwanga juu yake hatua kwa hatua, kwa rangi za unga zilizokorogwa na kiini cha yai. Kwa hiyo kivuli kidogo kilikuwepo tangu mwanzo.

Mchawi hasa ni vanishi, ile inayopakwa juu ya picha kuilinda. Ilikuwa ya mafuta ya mbegu za kitani, nayo huzidi kuwa meusi miaka inavyokwenda. Ongeza moshi wa mishumaa na ubani wa karne kadhaa. Waumini wakawa hawaoni kitu, basi mtu anaitwa kuchora upya juu ya picha ileile! Ikoni ya Bikira wa Vladimir, ya karne ya 12, iliposafishwa Urusi mwaka 1918, kilichokutwa cha asili ni hasa nyuso mbili, ya Maria na ya Mtoto.

Ikoni hiyo ya kwenu usiiguse kwa spiriti, tafadhali. Vanishi ikitoka, na rangi inaweza kutoka nayo.

Ukitaka kuona uso wa zamani uliobaki na nuru yake, tafuta picha ya Kristo wa karne ya 6 kwenye monasteri ya Mtakatifu Katarina, Sinai. Ile rangi yake ilichanganywa na nta, si yai.