Ittoqqortoormiit ni ya 1925
Je, Ittoqqortoormiit, kijiji cha mashariki mwa Greenland, ni cha kale? Hapana. Ittoqqortoormiit ilianzishwa 1925 na Ejnar Mikkelsen, Mdenmark, na Wainuiti, wenyeji wa asili wa Greenland, waliohamia huko wengi walitoka Ammassalik, kama kilomita 800 kusini. Walifuata mawindo, sili na dubu weupe, lakini siasa nayo ilikuwamo: Norwe ilikuwa inaitaka Greenland ya mashariki, hadi mahakama ya kimataifa ya The Hague ilipoipa Denmark haki 1933. Ila msiseme palikuwa patupu tangu azali. Mabaki ya nyumba za Wainuiti wa zamani, za mawe na udongo, yapo kandokando ya Scoresbysund, ghuba kubwa ya huko. Kufika bado kazi: barafu hufunga bahari karibu miezi tisa kwa mwaka.