Je, Ni Kweli Mwenye Nacho Huongezewa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa sita wa sekondari hapa Tororo. Tulifundishwa kwamba haidrojeni bromaidi ikijiunga na propeni, haidrojeni huenda kwenye kaboni iliyokuwa na haidrojeni nyingi zaidi, nasi tukakariri kwa msemo "mwenye nacho huongezewa". Penye peroksidi (kampaundi zenye bondi ya oksijeni kwa oksijeni), tuliambiwa, mambo hugeuka. Katika mtihani wa majaribio niliandika msemo huo kuwa ndiyo sababu, nikanyimwa alama. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Zao ulilitaja sawasawa, ila sababu hukuitoa. Msemo huo unakukumbusha tu kaboni ipi itapata haidrojeni. Kinachoamua ni elektroni. Markovnikov mwenyewe, mkemia wa Urusi, alichapisha kanuni hiyo mwaka 1870, ilhali elektroni iligunduliwa mwaka 1897, kwa hiyo yeye aliandika alichokiona katika mazao bila kuwa na namna ya kueleza chanzo chake. Wewe unayo namna hiyo, na ndiyo aliyoitafuta msahihishaji.

Chukua karatasi uchore propeni, CH3–CH=CH2. Bondi maradufu ina jozi mbili za elektroni, na ile ya bondi ya pai hukaa juu na chini ya mstari unaounganisha kaboni mbili, haijabanwa sana kama mwenzake. Katika haidrojeni bromaidi, bromini huvutia elektroni kwake, hivyo upande wa haidrojeni hubaki na chaji chanya kidogo. Jozi ya pai huinasa haidrojeni hiyo, na bromini huondoka ikiwa ioni yenye chaji hasi. Ndiyo maana kitu kinachopokea elektroni namna hii tunakiita elektrofili.

Kiini cha jibu kiko hapa, kwa hiyo soma polepole. Haidrojeni ikishika kaboni ya mwisho, chaji chanya hubaki kwenye kaboni ya katikati, ambayo sasa ina methili (kikundi cha CH3) mbili, moja iliyokuwapo tangu mwanzo na nyingine iliyotokea haidrojeni ilipofika, na zote mbili huisogezea elektroni na kuipunguzia mzigo. Ikishika ya katikati, chaji hubaki mwishoni, penye kikundi kimoja tu cha kusaidia. Kabokatayoni (ioni yenye chaji chanya kwenye kaboni) ile ya kwanza ni thabiti zaidi, huhitaji nishati ndogo kuundwa, na kwa hiyo hutokea upesi zaidi. Ioni ya bromaidi huungana nayo, na zao kuu huwa 2-bromopropani. Sasa ondoa methili uliyoichora mwanzoni uweke CF3, yaani kaboni yenye florini tatu, ambayo huvuta elektroni kwa nguvu: haidrojeni itaelekea kaboni yenye haidrojeni chache. Msemo wako unakwama hapo, lakini hoja ya elektroni inasimama.

Kuhusu peroksidi, Kharasch na Mayo wa Chicago walieleza mwaka 1933 kwa nini alili bromaidi, kampaundi nyingine yenye bondi maradufu, ilikuwa ikiwapa watafiti mazao yasiyolingana. Ile iliyokaa hewani ilikuwa imejitengenezea peroksidi kidogo, na uchafu huo mdogo ulitosha kubadili njia nzima. Peroksidi huvunjika kuwa radikali huria, yaani chembe zenye elektroni isiyo na mwenzake, nazo huipokonya haidrojeni bromaidi haidrojeni yake, ikabaki atomu ya bromini yenye elektroni moja pweke. Katika propeni, bromini hiyo ndiyo hutangulia kufika. Hushika kaboni ya mwisho ili elektroni pweke ibaki katikati, mahali ilipo thabiti zaidi, kisha haidrojeni huja nyuma yake, na tunapata 1-bromopropani. Ukitazama vizuri, anayefika kwanza hukaa mwishoni katika njia zote mbili. Kilichobadilika ni nani aliyetangulia.

Usije ukaandika hivyo kwa haidrojeni kloraidi au haidrojeni ayodaidi, mtego ambao wengi hunasa. Bondi ya haidrojeni na klorini ni imara mno kwa radikali kuivunja kwa urahisi, na atomu ya ayodini hupungukiwa nishati ya kujishikiza kwenye bondi maradufu, kwa hiyo mnyororo wa radikali, yaani mfululizo wa hatua ambapo kila radikali huzaa nyingine, hukatika.